Vichwa vya Dagaa

Msibani kwa mama mkwe wangu mchungaji alinisifia mbele ya watu wote. Alisema wakwe wa namna yangu hawazaliwi siku hizi, mwanamke aliyemlisha mama wa mumewe mkate mweupe, wali na soda, kijiko kwa kijiko, mpaka siku ya mwisho. Wanawake wakaguna kukubali. Mmoja aliyekaa nyuma yangu akanipapasa mgongo. Nikalia. Machozi yalikuwa ya kweli, ila hakuna aliyejua nalia nini. Mchungaji hakusema uongo hata kidogo. Nilimlisha mkate mweupe, wali na soda, na nilifanya hivyo kwa makusudi, kumkomoa.

Sasa mimi mwenyewe ni bibi, na mdomo wangu sijawahi kujua kuufunga, kwa hiyo acha niseme.

Nilitoka Kiloleli, karibu na ziwa. Kwetu dagaa huliwa mzima, kichwa, mwiba na mkia, na mtoto anayechagua anaambiwa aondoke aende akale hewa. Nikaolewa upande huu wa Bariadi, kwenye nyumba ya wakulima wa pamba wenye ng'ombe kiasi. Nyumbani walikuwa wawili tu, mjane na mwanawe wa pekee. Mwanawe ndiye mume wangu. Mjane ndiye ninayemsema. Nilimwita mayu, yaani mama, kama inavyotakiwa kwa Wasukuma. Yeye aliniita ng'winga, bibi harusi, na aliendelea kuniita hivyo hata baada ya kuzaa watoto watatu, kwa sauti ile ya kumwita mgeni asiyejua kuaga.

Siku ya kwanza jikoni alinisukumia ungo wa dagaa.

"Nyofoa vichwa," akasema.

"Vyote, mayu?"

"Hapa hatuli vichwa. Vina uchungu."

Nikakaa chini nikanyofoa kimoja kimoja mpaka ncha za vidole zikauma. Dagaa wakaungwa kwa karanga za kutwanga na nyanya, jiko zima likanukia, tumbo langu likaanza kuimba. Akapakua bakuli la mwanawe. Akapakua bakuli lake. Sufuria ikabaki nyeupe. Kisha akachukua vile vichwa akavigawa mafungu mawili. Fungu moja akawamwagia kuku uani. La pili akalitia kwenye kichungu cheusi na maji na chumvi, akakitenga mekoni, akanitazama usoni.

"Hivyo ni vya kuku na wakwe," akasema.

Nilidhani ni utani wa kumpokea bibi harusi, utaisha kesho. Aka! Kesho ikaja na kichungu kilekile. Mwaka ukaisha na kichungu kilekile.

Maziwa nayo yalikuwa na sheria zake. Maziwa mabichi yalikwenda mjini kwa mwenye hoteli, Mwislamu mmoja mpole aliyekuwa akichemshia chai za asubuhi. Yaliyobaki yaliganda kwenye kibuyu, na kazi ya kukitikisa mpaka samli ijitenge ilikuwa yangu. Samli ilikuwa yake. Yale maji chachu yanayobaki, mtindi uliokwisha kuvuliwa mafuta, ndiyo aliyonisukumia kwa mguu, naam, kwa mguu, kama unavyomsukumia mbwa sahani. "Kunywa," alikuwa akisema, "usije ukaenda kwenu ukasema nilikunyima maziwa." Mboga yangu ilikuwa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa mpaka yakawa meusi. Ugali wangu ulikuwa wa mtama, na ukiisha, michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa, vigumu mpaka vinalia mdomoni.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza mama yangu alikuja kwa miguu na gari, gari na miguu, kutoka Kiloleli, amebeba jogoo kwapani. Jogoo wa mzazi. Mama mkwe akampokea kwa vigelegele, akamshukuru, akampa chai, akamsindikiza. Jioni akaniletea bakuli. Ndani kulikuwa na mchuzi na miguu miwili ya jogoo, kucha zimeondolewa, basi. Paja, kidari, firigisi, sikuviona hata kwa macho. Mtoto alikuwa ananyonya na mimi nasikia njaa mpaka kizunguzungu. Nikaitafuna ile miguu. Nikatafuna gegedu, nikatafuna mfupa, nikanyonya ute wa ndani, nikameza hata vumbi lake. Akasimama mlangoni ananitazama.

"Looo," akasema, "mwanangu ameoa mbwa."

Nilimchukia. Wapo watakaosema kwamba mama mkwe naye alikuwa amepitia yake, kwamba alikuwa mjane, kwamba alimwogopa mwanamke mgeni kwa mwanawe mmoja. Sawa. Mimi nilimchukia tu. Na mume wangu msiniulize. Alikuwa mwanaume mwema wa ile aina isiyochungulia ndani ya sufuria. Alikula sebuleni, akashukuru, akanawa, akatoka.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Anayeikumbuka anaikumbuka. Kabla yake tulikuwa tumepanga foleni kwa unga wa njano, tumekunywa chai ya chumvi, tumefulia majani ya mpapai. Ghafla maduka ya Bariadi yakajaa mpaka barazani. Sembe nyeupe, sukari, biskuti za maboksi, soda za kreti, mikate iliyofungwa kwenye nailoni. Wanunuzi binafsi wa pamba nao wakaja na mizani yao, wakawa wanagombania wakulima waliozoea kuubembeleza ushirika. Mume wangu akauza vizuri miaka miwili mfululizo, na mapenzi yake yote kwa mama yake akayapeleka dukani.

Mama mkwe alikula kama mtu anayelipiza kisasi. Asubuhi chai ya sukari vijiko vinne, na mkate. Mchana wali mweupe au sembe, na nyama laini isiyo na mfupa maana meno yalikuwa yameanza kumtoka. Saa kumi soda na biskuti. Ugali wa mtama akaukana kabisa, akasema ni chakula cha foleni. Majani akayaita ya mbuzi. Maziwa hakuyapenda tangu zamani, yalimsumbua tumbo, na sasa alikuwa na sababu nzuri zaidi, maana yaliuzwa. Juani hakutoka. Alikaa sebuleni kwenye kiti cha kamba, khanga begani, pazia limeshushwa, anapokea wageni. Mimi nilikuwa shambani na jembe, jua la utosi, tumbo limejaa vichwa vya dagaa.

Kitu cha kwanza nilichokigundua ni gauni. Alikuwa na gauni la kitenge la kanisani, la bluu, lililoshonwa na fundi wa pale sokoni. Liliishia kwenye vifundo vya miguu. Mwaka mmoja nikaona linagusa viatu. Mwaka wa pili linaburura vumbi. Akamwendea fundi akamfokea mbele ya watu kwamba amemwuzia kitambaa kibovu kinachokua. Fundi masikini akapunguza pindo bila kudai kitu. Baada ya miezi kadhaa likaburura tena. Safari hii akanigeukia mimi, akasema nalivuta nikiwa nafua, nataka aanguke.

"Gauni halikui, mayu," nikamwambia.

"Limekua! Mimi sina macho?"

Nilimtazama alivyosimama pale uani. Shingo ilikuwa imeingia mabegani, mgongo umefanya kibiongo, mbavu zimekaribia kukaa juu ya nyonga. Zamani nilimtazama kwa kuinua uso. Sasa macho yetu yalikuwa sawa, na ya kwake yalianza kushuka. Nilifua gauni lake, nikaanika, moyoni nacheka.

Akavunjika siku ya kawaida kabisa, asubuhi, anashuka kizingiti cha sebuleni ambacho hata kifaranga anakiruka. Hakuteleza wala hakusukumwa. Alishusha mguu, nikasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja kuni, akakaa chini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeshangaa zaidi ya anayeumia. Nyonga.

Hospitali walimlaza wiki nyingi, mguu umefungwa kamba na uzito unaning'inia upande wa pili wa kitanda. Mimi ndiye niliyelala chini ya kitanda hicho, ndiye niliyemwosha, ndiye niliyemgeuza. Siku ya kuruhusiwa mume wangu alikuwa nje anatafuta gari. Daktari, Msukuma mwenzetu mwenye maneno ya utani, akainua ile picha ya mifupa dirishani.

"Bibi, mifupa yako imekuwa kama michembe iliyoingiwa na wadudu," akasema. "Nje unaona kipande kizima, ndani matundu. Nyumbani unakula nini?"

Mama mkwe akajivuta juu ya mto. Pamoja na maumivu yote alikuwa na fahari. "Mimi sili hovyo, daktari. Mwanangu ananitunza. Mkate, wali, sembe, nyama laini. Soda kila siku."

"Maziwa?"

"Yanauzwa."

"Dagaa?"

"Nyama ikikosekana. Wasio na vichwa."

"Mboga za majani?"

"Mimi si mbuzi."

Daktari akacheka. Akanigeukia. "Na wewe mama, nimekuona unambeba mtu mzima kama unabeba mtungi. Wewe unakula nini?"

Nikajibu huku namtazama mama mkwe, si daktari. "Vichwa vya dagaa," nikasema. "Na maji ya mtindi yaliyovuliwa samli. Na nsansa. Na miguu ya kuku, ikipatikana."

"Basi katika nyumba hiyo," daktari akasema, "anayekula vizuri ni wewe."

Hakujua alichosema. Alidhani anatutania. Mama mkwe aligeuza uso taratibu akatazama ukuta, na mimi nikasimama pale na kitu kinanipanda kifuani ambacho mpaka leo sijui kama kilikuwa kicheko au kilio. Miaka yote ile alikuwa ananitupia taka, na taka zile zimenijenga mifupa! Chakula cha heshima kimemla yeye.

Daktari akaendelea kueleza, na alieleza vizuri. Alisema mfupa wa mzee haurudi kuwa wa kijana, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, na kisipolindwa nyonga ya pili itafuata ya kwanza. Apewe dagaa wazima, vichwa na miiba, na kama hana meno watwangwe. Apewe mtindi kila siku, hata kidogo kidogo, mgando huenda tumbo lake likaukubali. Mboga nyeusi. Atolewe nje apate jua. Na asimamishwe kila siku, ashike fimbo, hatua moja, kesho mbili.

Mama mkwe akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Choo nitakwenda mwenyewe?"

"Ukifuata hayo na kujizoesha, nadhani utakwenda."

Hilo tu ndilo alilotaka. Hakuuliza kama atakwenda kanisani wala sokoni. Aliuliza choo, maana wiki zote zile aliyekuwa akimshughulikia ni mimi, mbwa wa Kiloleli, na kila aliponifunulia mwili wake alifumba macho kwa aibu.

Kwenye gari mume wangu akaniuliza daktari amesema nini.

"Amesema ale vizuri," nikajibu.

Mama mkwe alikuwa amelala kwenye godoro katikati yetu. Akafumbua mdomo, nami nikamngoja. Angemwambia mwanawe, daktari amesema nipewe vichwa vya dagaa, na mwanawe angecheka, angeuliza vichwa gani mama, na yeye angelazimika kueleza nani alikuwa anakula vichwa nyumba ile, kwa nini, tangu lini. Akaufunga mdomo.

"Basi mpe mama kila kizuri," mume wangu akasema. "Asipungukiwe."

Nikatii neno kwa neno. Mkate mweupe, nikamkatia kingo zake ngumu. Chai ya sukari. Wali niliouchagua kila chembe. Nyama nilichambua mfupa wote nikawapa watoto wangu wanyonye. Soda nilimfungulia mbele ya wageni. Nikamlaza chumba cha ndani, pazia chini, ili jua lisimsumbue. Fimbo niliiegemeza kona ya mbali, ili asijitaabishe. Majirani wakaja, wakaona, wakaenda kunitangaza mpaka Nyalikungu. Walisema mume wangu amepata mke. Mwanamke mmoja alimleta binti yake aliyekaribia kuolewa aje aone jinsi mama mkwe anavyotunzwa.

Chooni nilimbeba mgongoni, mara tatu kwa siku. Alikuwa mwepesi kuliko debe la maji. Huko mgongoni ndiko tulikozungumza, maana hakuna aliyesikia.

"Ng'winga," akasema siku moja, mdomo kwenye sikio langu, "vile vichwa bado unapika?"

"Napika, mayu."

"Nionjeshe."

"Vina uchungu."

Siku nyingine akaomba mtindi. Nikamwambia nimewapa ndama. Siku nyingine akasema waziwazi, "Daktari alisema. Ulimsikia."

Nikasimama katikati ya uani, yeye mgongoni. "Vichwa ni vya kuku na wakwe," nikamwambia. "Wewe ni kuku, mayu? Wewe ni mkwe?"

Machozi yake yakaniangukia shingoni, ya moto, yakateremka ndani ya gauni. Nami nikasikia utamu. Sitafuti neno jingine la kulipamba. Utamu, mwili mzima, na nikaendelea kutembea mpaka chooni, nikamkalisha, nikageuza uso kwa heshima kama inavyotakiwa.

Alijaribu kwa mwanawe mara moja. "Mwanangu, natamani dagaa." Mume wangu akacheka, akamshika mkono. "Mama, nikulishe dagaa kitandani, watu waseme nimefilisika?" Akaenda buchani. Keshoye, kwa kumridhisha mgonjwa, nikampikia dagaa kweli, wa karanga na nyanya, kama alivyonifundisha mwenyewe. Nilikuwa nimenyofoa kila kichwa. Akalitazama bakuli, akanitazama mimi, akala akiwa amefumba macho.

Ilikuwa msimu wa kuchuma pamba. Asubuhi moja nilirudi shambani mapema kufuata maji ya kunywa. Nikasikia kuku wanagombana jikoni, nikaokota kijiti niwafukuze.

Mama mkwe alikuwa chini jikoni, amelala ubavu. Kando yake kulikuwa na mchi wa kinu. Fimbo niliiweka mbali, kwa hiyo alitambaa mpaka kwenye kinu barazani, akauchukua mchi, akajiinua nao, akavuka uani peke yake. Kile kichungu cheusi kilikuwa kimepinduka. Vichwa vya dagaa vilikuwa vimetapakaa sakafuni, na kuku walikuwa wakividonoa kuuzunguka mkono wake. Mkono ulikuwa umefumba. Mdomoni alikuwa na chumvi na vipande vyeusi, anatafuna kwa ufizi, anatafuna haraka haraka kama mtoto anayeiba sukari. Mguu wa pili, ule uliokuwa mzima, ulikuwa umegeukia nje.

"Nimetembea, ng'winga," akasema. "Umeona? Nimetembea mwenyewe."

Nikafukuza kuku. Nikapiga magoti. Unajua nilifanya nini kabla ya kupiga yowe, kabla ya kumwita mtu yeyote? Nilimfuta mdomo. Nikakifumbua kiganja chake, kidole kimoja kimoja, nikatoa vichwa vilivyokuwemo, nikavirudisha chunguni. Nikafagia sakafu. Ndipo nikaita.

Watu walijaa. Mume wangu alifika anahema, pamba imemganda kwenye nywele. "Mama alifuata nini jikoni?" akauliza.

Mama mkwe akanitazama. Hakuwa na hasira machoni, hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Alikuwa ananingoja. Alikuwa amekwisha kutembea, amekwisha kula sakafuni pamoja na kuku, hakuwa na heshima nyingine ya kulinda. Alitaka mimi ndiye niseme. Ningesema, ingekwisha. Angenisamehe, nami labda ningemsamehe, na bakuli la vichwa lingewekwa katikati yetu, tukala.

"Alikuwa anawapa kuku chakula," nikasema.

Akafumba macho.

Hospitali alikataa kurudishwa, na hakusimama tena. Jioni ya siku ile ile roho yangu iligeuka, siwezi kueleza kwa nini haikugeuka asubuhi. Nilitwanga vichwa vikawa unga laini, nikauchanganya na uji wa mtama na mtindi mzito ambao sikuuvua samli, nikampelekea nimepiga magoti kitandani. Nikamwambia, "Mayu, kula, nimekutwangia." Akageukia ukutani. Nikarudi kesho yake na keshokutwa yake. Siku ya tatu akaongea.

"Nipe soda," akasema.

Nikampa soda. Mpaka alipofariki, mvua zilipoanza, hakupokea kitu kingine kutoka mkononi mwangu ila soda, mkate na wali, na choo alikifanya pale pale kitandani, na mimi nilimsafisha, na wala hakufumba macho tena. Alinitazama moja kwa moja. Kwa hiyo mchungaji alisema kweli.

Miaka baadaye, kliniki, nilimwuliza muuguzi mmoja mwenye umri wangu kama chakula kinaweza kumwinua bibi kizee aliyevunjika nyonga. Akanieleza kwa upole kwamba mfupa huwekewa akiba ujanani, binti anapokua, mama anapozaa na kunyonyesha, na uzeeni unatumia akiba. Chakula cha miezi michache, akasema, kingesaidia kidogo tu, au kisingesaidia. Lo, nilivyorudi nyumbani mwepesi! Nilifurahi siku mbili nzima. Nilimnyima kitu kisicho na kazi, nikajiambia, basi sina kosa. Siku ya tatu, nimeinama nachambua mboga, nikakumbuka kwamba wakati namnyima sikujua hilo. Wakati ule niliamini kabisa kwamba kitamwinua, na kwa sababu hiyo ndiyo nilikinyima.

Mwanangu wa kwanza alioa mwalimu wa shule ya msingi, msichana msafi, mwenye adabu, mzaliwa wa mjini. Niliapa sitakuwa kama yule. Siku ya kwanza nilimpikia dagaa mwenyewe, na vichwa vyote nilivyokuwa navyo nikampakulia yeye, mimi nikabaki na viwiliwili. Nilitaka akiba yake ijae. Sikumweleza. Mimi na maneno yangu yote, hilo moja lilinishinda, maana nikianza kueleza kwa nini vichwa ni vizuri itabidi nifike jikoni kwa yule mwingine. Nikasema tu, "Kula hivyo, mwanangu, ndivyo vya mkwe." Akala ameinamisha uso. Nilidhani ni aibu ya ugeni. Nilimpa vichwa miaka yote aliyoishi kwangu, mimba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara alishukuru, na kila mara uso ulikuwa chini.

Sasa mume wangu hayupo, na ninaishi kwao, Bariadi mjini. Jiko ni la mkwe wangu. Ananitunza mno. Asubuhi ananiletea chai ya sukari na mkate. Mchana wali. Saa kumi soda, na ananifungulia mbele ya wageni. Amenipa chumba cha ndani, kile chenye pazia zito, jua lisinisumbue. Watu wa kanisani wananiambia nimepata mkwe.

Wiki iliyopita aliniletea dagaa wa karanga, wananukia jiko zima. Alipiga magoti akaweka bakuli mbele yangu.

"Mama, nimekunyofolea vichwa."

"Umevipeleka wapi?"

"Nimewapa kuku, mama. Vina uchungu."

Akanitazama, akatabasamu, tabasamu zuri la adabu, na mimi nikalitafuta jicho lake nione kama ndani kuna kitu. Sikuona. Au nilikiona. Nikafumbua mdomo nimwambie, lete vichwa, mwanangu, hukunielewa, nilikuwa nakupa kilicho bora. Nikafikiria atakachoniuliza baada ya hapo. Nikala.

Jumapili nikienda kanisani nilikanyaga pindo la gauni langu nikakaribia kuanguka. Kitenge cha mwaka jana tu, kilikuwa kinaishia kwenye vifundo. Nikalipeleka kwa fundi pale sokoni, kijana mwenye mdomo. Akalinyanyua, akalitazama, akanitazama mimi tangu kichwani mpaka miguuni.

"Bibi, gauni limekua?" akauliza akicheka.

Nikamwambia ndiyo, limekua, apunguze.